Matone katika Chumba cha Baridi

Maji ya kuoshea matikiti yalikuwa safi. Mkanda wa kuchambulia ulikuwa safi. Hata mikono ya wafanyakazi, ambayo mwenye kiwanda alikuwa ameapa kwamba ndiyo iliyomponza, ilikuwa safi.

Inspekta aliusoma ukurasa wa majibu, akaurudisha kwa mtaalamu wa maabara aliyeuleta. Huyu alikuwa bwana mwembamba, mpole, mwenye sanduku la vichupa ambalo hakuliweka chini hata alipokaribishwa chai. Wafanyakazi walikuwa wamekwisha kumbatiza jina: Bwana Vijidudu.

"Kwa hiyo tunda linafika hapa likiwa zima," Inspekta alisema. "Linaoshwa, linachambuliwa, bado zima. Halafu likifika dukani linaua."

Watu watatu walikuwa wamekufa. Wengine walikuwa bado wodini, na wote walikuwa wamekula matikiti yale madogo ya ganda la kukwaruza, yenye lebo ya kiwanda hiki.

"Si nilikwambia, afande?" mwenye kiwanda alidakia. Kila mtu pale alimwita Bosi, na yeye mwenyewe alijiita hivyo hivyo. "Ni yule mwenzangu mwenye banda la kufungashia kule barabara ya pili. Tangu nilipopata mkataba wa maduka makubwa, hata salamu yangu haitikii. Wivu mtupu! Amemtuma mtu aje anitilie sumu."

"Sumu haizai, Bosi," Bwana Vijidudu alisema. "Hiki ni kiumbe hai, kinaitwa listeria. Kinakula, kinazaana, kinaishi raha mustarehe popote penye unyevu na uchafu. Wenzake wakiingia kwenye baridi wanalala. Yeye halali. Anabaki na chakula chote peke yake."

Inspekta alisimama. "Tuonyesheni chumba cha baridi."

Msimamizi wa zamu ndiye aliyetangulia. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuamrisha bila kupayuka, na kofia ya wavu aliyoivaa kama kilemba cha sherehe. Wafanyakazi walimwita Mama Zamu. Nyuma yao alifuata mkuu wa matengenezo, mkanda wa zana kiunoni, ingawa hakuna aliyemwita wala kilichoharibika. Huyo jina lake lilikuwa Spana. Alikuwa mume wa Mama Zamu.

Mlango mzito ulifunguka na baridi ikawapiga usoni. Matikiti yalikuwa yamepangwa ndani ya makatoni, makatoni juu ya rafu za chuma, rafu mpaka karibu na dari. Kwenye ukuta wa mwisho, juu kabisa, feni za kupozea zilikuwa zikinguruma. Sakafu ilikuwa kavu. Kuta zilikuwa kavu. Inspekta alipita taratibu kati ya rafu, akigusa makatoni kwa mgongo wa kidole, mpaka akafika kona ya kulia chini ya feni ya mwisho. Hapo akasimama.

"Hebu njoo uone," alimwambia Bwana Vijidudu.

Makatoni ya kona ile vifuniko vyake vilikuwa vimejikunja kama nguo iliyofuliwa na kuanikwa bila kunyooshwa. Katikati ya kimoja palikuwa na doa la kahawia la ukubwa wa sahani.

"Haya yalilowa yakakauka," Inspekta alisema. "Mengine yote chumbani hayana kitu. Kwa nini?"

"Ni jasho tu la mashine, afande," Spana alijibu kabla swali halijatua. "Mlango ukifunguliwa mara kwa mara, joto linaingia, baridi inalikamata, maji yanadondoka kidogo. Chumba chochote cha baridi kiko hivyo."

Jibu lilikuwa na akili. Inspekta akalipokea kwa kichwa.

Bwana Vijidudu alianza kupangusa makatoni kwa vijiti vya pamba na kuvitumbukiza kwenye vichupa vyake. Alipomaliza akamgeukia Mama Zamu. "Wewe jana hukuwepo tulipopima mikono. Samahani, dada, nipe kiganja."

Mama Zamu alivua glavu, akanyoosha mkono. Bwana Vijidudu aliushika kwa vidole viwili, akapitisha pamba katikati ya vidole vyake, polepole, kama kazi ile inavyotaka. Pamba ilimtekenya. Mama Zamu akacheka, kicheko kifupi cha kushtukizwa.

Kitu cha chuma kilianguka sakafuni. Spana alikuwa ameangusha bisibisi, na hakuinama kuiokota. Alikuwa amesogea mpaka bega lake likawa kati ya mkewe na mtaalamu.

"Mkono mmoja unapimwa mpaka kesho?" aliuliza.

"Mume wangu," Mama Zamu alisema kwa sauti ya chini. "Ni kazi."

"Nimeuliza tu."

Bwana Vijidudu akauachia mkono ule kama sufuria ya moto. Inspekta aliona jambo moja: mtu anayepimiwa mke wake ugonjwa huangalia pamba. Spana hakuangalia pamba hata mara moja. Alikuwa akiuangalia uso wa Bwana Vijidudu.

*

Chumba cha kulia chakula cha wafanyakazi kilikuwa na meza ndefu na harufu ya sabuni. Inspekta alimkalisha Mama Zamu upande wa pili wa meza na kumwomba Spana asubiri nje. Alisubiri nje, lakini karibu na dirisha lililofungwa, ambapo angeona bila kusikia.

"Jana ulikuwa wapi?"

"Hospitali. Namwuguza wifi yangu, mdogo wake mume wangu. Ni kitinda mimba wao, sisi ndio tuliomlea." Mama Zamu alikunjakunja glavu zake. "Mimba yake imeharibika, afande. Ilikuwa imeshakua. Homa ilimshika ghafla, na hadi leo haijashuka."

"Alikuwa amekula nini?"

"Wakati huo alikuwa hali kitu. Kila chakula kinamrudi. Alichokuwa anakitamani ni matunda tu, basi nikawa nampelekea..." Aliishia hapo.

Nje, kivuli kilisogea kwenye kioo cha dirisha.

"Matikiti," Mama Zamu alisema.

"Ya hapa?"

"Yanayozidi tunaruhusiwa kuchukua. Nilimchagulia yaliyoiva. Yaliyokaa chumba cha baridi."

"Sehemu gani?"

Alinyanyua mkono, akaonyesha hewani kana kwamba rafu zilikuwa mbele yake: kona, upande wa kulia. Kisha mkono ukabaki pale pale, umesahaulika.

"Afande, ni mimi?"

"Bado sijajua ni nani. Msafishaji wenu ni nani?"

"Shangazi. Si shangazi yangu, ni shangazi wa wote. Lakini watakwambia mengi juu yake." Alishusha mkono. "Cheo hiki alikitaka kwa ajili ya binti yake. Tangu nilipopewa mimi, tunasalimiana kwa kikohozi. Watu wanasema ana kijicho nami."

"Wewe unasemaje?"

Mama Zamu alifikiri. "Kisirani anacho. Ila sakafu yake unaweza kulia chakula."

*

Inspekta alirudi kwenye chumba cha baridi, akasimama chini ya feni ya mwisho na kutazama juu. Mashine za kupozea hutoa maji. Hilo alilijua hata kwa friji ya nyumbani kwake. Maji hayo lazima yakingwe, na yakikingwa lazima yawe na njia ya kutoka.

"Nini kile chini ya feni?"

"Sinia la kukingia maji," Bosi alisema. "Lina bomba linalotoka nje."

"Nataka kuliona."

Ngazi ilitafutwa. Spana akasema imefungiwa karakana, na ufunguo wa karakana ameusahau nyumbani. Alisema hivyo akishika mfuko wa suruali, na mfukoni funguo zikalia.

"Basi tusiusumbue," Inspekta alisema. Alivua viatu, akavaa mifuko ya plastiki miguuni, akaamuru makreti yapangwe kama vipandio, akapanda. Bwana Vijidudu alimshikia chini huku amefumba macho, kama anayeomba yasitokee ya kutokea.

Sinia lilikuwa limejaa mpaka ukingoni. Maji yake hayakuwa maji; yalikuwa uji wa kijivu, wenye utando juu. Feni ilipokuwa ikitetemeka, utando nao ulitetemeka, na tone moja likapanda ukingo, likajifikiria, likaanguka chini moja kwa moja kwenye kona ya kulia.

Inspekta alimulika tochi kwenye tundu la bomba. Lilikuwa limeziba kwa ute, na ndani ya ute ule mlikuwa na kitu chekundu. Akakivuta kwa koleo dogo la Bwana Vijidudu. Zilikuwa nyuzi za plastiki, ngumu, zimenyooka, nyekundu kama pilipili.

Alishuka, akaziweka kwenye kiganja. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Kwenye ukuta wa ukumbi wa kufungashia, mbele ya macho ya kila mtu, brashi zilikuwa zimening'inizwa kwa rangi, na juu ya kila moja maandishi makubwa. Nyeupe, meza. Buluu, matangi. Nyekundu, mifereji ya sakafuni peke yake.

"Mfereji wa sakafuni," Bwana Vijidudu alisema taratibu. "Uchafu wote wa jengo unapitia huko. Udongo wa mashambani, viatu, maganda. Mtu ameuchukua kutoka chini akaupandisha juu, akaupa maji na baridi. Halafu matikiti yakawekwa chini yake. Yale maganda yenye mikwaruzo yanashika kila kitu, na kisu kikikata kinaingiza ndani."

Bosi alikuwa amekwisha kupata mtu wake. "Shangazi! Brashi nyekundu ni ya Shangazi! Nilijua tu, yule mama ana roho mbaya. Alitaka Mama Zamu aharibikiwe, afukuzwe, binti yake apande."

Spana, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, alitikisa kichwa kukubaliana na mtu. "Mimi nilikuwa sitaki kusema," alisema.

*

Shangazi aliletwa akiwa na ndoo yake, na alikataa kuiacha mlangoni. Alikuwa mama mnene, mfupi, mwenye miguu iliyovimba ndani ya buti za mpira. Alikaa bila kukaribishwa.

"Nimesikia nimeua watu," alisema.

"Nani kakwambia?"

"Afande, kiwanda hiki ukipiga chafya ndani, getini wanakuombea afya. Uliza unachouliza."

"Ulipanda kusafisha sinia la feni?"

Shangazi alimtazama Inspekta, kisha akaitazama miguu yake mwenyewe, kisha akamtazama tena Inspekta. "Mimi kushuka kwenye basi nashikwa mkono huku na huku kama bibi harusi. Leo nipande dari?"

"Unaweza kumtuma mtu."

"Nimtume kwa sababu gani?"

"Wanasema unamwonea wivu Mama Zamu."

"Wanasema kweli." Shangazi hakupepesa. "Binti yangu ana shahada, yupo nyumbani anatazama ukuta. Nikimwona yule amesimama pale na kofia yake, roho inaniuma, sikufichi. Namwombea kila siku akose usingizi. Lakini nichafue kiwanda? Kazi yangu ni hiyo hiyo ya kusafisha! Mtu anayejivunia mapishi yake atatia mchanga chunguni ili kumkomoa mpishi mwenzake?"

Inspekta alikaribia kutabasamu. "Brashi yako nyekundu iko wapi?"

"Ipo. Ila ilinipotea. Nikaitafuta mpaka nikachoka, nikaja kuikuta karakana, imeegemezwa nyuma ya mlango, imelowa, kichwa kimepinda, nyuzi zimepukutika kama mtu aliyeugua. Niliwagombeza vijana wa matengenezo wote. Hakuna aliyekiri."

"Karakana ina kufuli?"

"Ina kufuli la Spana. Siku hiyo alilisahau wazi, ndiyo maana nikaingia."

"Na yeye ulimgombeza?"

"Yule?" Shangazi alishusha sauti, na kwa mara ya kwanza akaonekana kuchagua maneno. "Yule siku hizi hagombezeki. Unamwuliza habari ya brashi, yeye anakuuliza mke wake amepita na nani."

*

Mashine za kupozea zilikuwa na mtu wake, fundi wa nje anayekuja kila mwezi. Hayo alisema Bosi. Anayemwita na kumpokea ni Spana. Mara ya mwisho amekuja lini? Bosi hakujua, na Spana akasema, "Juzi juzi."

Inspekta hakubishana. Alimfuata Fundi Baridi kwake.

Njiani alikuwa amejijengea picha ya mtu: kijana, kifua mbele, manukato. Aliyemkuta ni mzee wa makamo, mwenye kitambi na pengo la jino la mbele, amekaa kwenye kigoda katikati ya friji zilizopasuliwa matumbo. Alikuwa akiimba peke yake, vibaya.

"Kile kiwanda?" Fundi Baridi alifuta mikono kwenye ovaroli. "Mimi pale sijakanyaga tangu zile mvua kubwa. Nilirudishwa getini kama muuza karanga. Mlinzi akasema ni amri ya Spana, nikionekana nisipite."

"Kosa lako?"

"Mwulize yeye. Mimi siku ya mwisho nilimwambia wazi: bomba la sinia la kona limeziba. Kulichokoa hakutoshi. Linatakiwa kutolewa lote, sinia lishushwe, lisuguliwe kwa dawa. Nikaahidi kurudi na bomba jipya. Nikarudi nalo. Hilo hapo." Alionyesha kwa kidevu. Bomba jeupe lilikuwa limeegemea ukutani, bado ndani ya nailoni yake. "Nilipokataliwa nikampigia Mama Zamu, maana chumba ni chake. Simu ikapokelewa na sauti ya kiume. Nikatukanwa matusi ambayo hata mimi fundi sikuwa nayajua."

"Kuna nini kati yako na Mama Zamu?"

Fundi Baridi aliangua kicheko, akaona Inspekta hacheki, akakikatisha.

"Afande, nina mke. Nina mama mkwe anaishi kwangu, chumba cha mbele, mlango wazi. Mambo hayo ningeyafanyia wapi?"

"Siku hiyo ya mwisho, mlicheka naye?"

"Huenda. Mimi nacheka na kila mtu."

"Mlicheka kuhusu nini?"

Alikuna kichwa. Alijitahidi kweli; Inspekta aliona macho yake yakirudi nyuma kutafuta. "Sikumbuki," alisema. "Si ilikuwa mazungumzo tu."

*

Majibu ya maabara yalipotimia, Inspekta aliomba ofisi ya Bosi na kumtoa Bosi mwenyewe humo. Spana aliingia akakaa ukingoni mwa kiti. Kupitia kioo cha ofisi ulionekana ukumbi wa kufungashia: mkanda umesimamishwa, wafanyakazi wamekaa makundi makundi, na Mama Zamu amesimama peke yake. Spana alichagua kiti kinachotazama kioo.

"Ufunguo wa karakana umeuona?" Inspekta alianza.

"Umepatikana."

"Ngazi imo?"

"Imo."

"Nani mwingine ana ufunguo?"

"Hakuna."

"Kwa hiyo aliyepanda kwenye feni alipanda kwa ngazi yako."

"Au kwa makreti, kama ulivyopanda wewe." Spana alitabasamu kidogo. "Shangazi ndiye mwenye brashi. Mimi nina spana na bisibisi."

"Miguu ya Shangazi umeiona?"

Spana alishikashika mkanda wake wa zana.

"Brashi yake aliikuta karakana kwako, imelowa, nyuzi zimetoka. Nyuzi zilizobaki kwenye brashi na zile za kwenye bomba ni kitu kimoja. Kijidudu cha kwenye sinia ni kile kile cha kwenye makatoni ya kona. Ni kile kile cha kwenye damu za wagonjwa." Inspekta aliegemea meza. "Mlinzi wa getini amenieleza. Fundi amenieleza. Zamu hii ni yako kunieleza."

Spana alikuwa akitazama kioo. "Nilikuwa nasafisha," alisema. "Bomba limeziba, nikalizibua. Kusafisha kumekuwa jinai?"

"Kwa brashi ya mifereji?"

"Ndiyo iliyokuwa karibu."

"Na halikuzibuka."

"Lilipitisha maji kidogo. Halafu likaziba tena. Nikaweka ndoo juu ya rafu. Mlipokuja nikaiondoa."

"Ndoo ikijaa?"

"Naimwaga."

"Siku usipokuwepo?"

Nje ya kioo, mfanyakazi mmoja wa kiume alimletea Mama Zamu kiti. Macho ya Spana yakamfuata kijana yule mpaka aliporudi alikotoka.

"Ulijua linavuja juu ya chakula cha watu," Inspekta alisema. "Ulijua dawa yake. Fundi alikuwa getini, bomba jipya begani. Ulihitaji kusema neno moja tu: mpitisheni."

"Apite aende wapi?" Sauti ya Spana ilipanda. "Hukuwepo, afande. Hukumsikia anavyocheka naye! Mimi nyumbani naambiwa chakula kiko mezani. Basi. Neno ndilo hilo. Nikisema kitu cha kuchekesha, ananiuliza kama nimelipia umeme. Lakini lile zee la pengo likiingia na mkoba wake, mke wangu anacheka mpaka anashika ukuta. Anashika ukuta! Nilikuwa nyuma ya rafu, nimeona kwa macho yangu. Mtu hachekeshwi hivyo bure bure."

"Uliwahi kumwuliza?"

"Nimwulize ili anidanganye?"

Kulikuwa na jambo moja lililobaki, na Inspekta hakulipenda.

"Mdogo wako ana kijidudu hicho hicho. Ndicho kilichomwondolea mtoto."

Spana aligeuka kutoka kwenye kioo. Alimtazama Inspekta kama mtu aliyeambiwa kwa lugha asiyoijua, anasubiri mkalimani.

"Yeye hanunui matikiti," alisema mwishowe. "Hana... yeye anakaa mbali."

"Alipelekewa. Kutoka kona ya kulia."

Aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa meza. Mabega yake yalitikisika, na zana za kiunoni zikagongana kwa sauti ndogo. Inspekta alimwacha. Alikuwa amekwisha kuona wengi wakifika hapo, na wengi wakifika hapo huwa hawana pengine pa kwenda. Spana alikuwa napo.

Alinyanyua uso, macho mekundu. "Nani alimpelekea?"

"Mke wako."

"Basi ni yeye!" Alipiga meza kwa kiganja. "Umesikia mwenyewe? Ni yeye aliyemlisha! Mimi mnanishika kwa nini?"

"Yeye alibeba tunda," Inspekta alisema akisimama. "Wewe ndiye uliyelidondoshea maji ya mfereji. Nyanyuka."

*

Askari walimpitisha katikati ya ukumbi. Hakuna aliyezomea. Shangazi alikuwa ameshusha sinia lile pamoja na vijana wawili waliomsaidia, amelilaza sakafuni, analisugua kwa nguvu zake zote bila kuinua macho.

Mama Zamu alikuwa amevua kofia ya wavu. Alama ya ukanda wa kofia ilikuwa imebaki paji la uso zima. Spana alisimama mbele yake, na askari wakamwachia nafasi.

"Alikuwa anakuambia nini?" alimwuliza.

"Nani?"

"Unamjua. Siku ile ulishika ukuta."

Mama Zamu alimtazama muda mrefu. Inspekta, ambaye alikuwa nyuma yao, alitegemea atasikia kilio au tusi.

"Naenda wodini," Mama Zamu alisema. "Mtu mmoja lazima amwambie mdogo wako, na ni bora asikie kwangu. Nimefikiria nianzeje tangu asubuhi. Nimeshindwa."

Akampita, akatoka.

Nje jua lilikuwa kali. Spana aliingizwa kiti cha nyuma cha gari la polisi, Inspekta akakaa mbele. Ng'ambo ya uwanja, Bwana Vijidudu alikuwa akipakia sanduku lake la vichupa. Naye alikuwa akielekea hospitali kuchukua sampuli za mwisho. Walimwona Mama Zamu akimsogelea, wakamwona akisema kitu, na Bwana Vijidudu akafungua mlango wa mbele wa gari lake na kuhamisha makaratasi ili apate pa kukaa.

"Afande." Sauti ya Spana ilikuwa imebadilika kabisa. "Lile gari ni la nani?"

Inspekta alifunga mkanda.

"Afande, nakuuliza. Anapanda gari la nani?"

"Hujaniuliza mdogo wako anaendeleaje," Inspekta alisema.

Gari la polisi liliondoka. Spana hakuwa amesikia. Alikuwa ameipinda shingo yote nyuma, paji la uso limegandamizwa kwenye kioo, akijaribu kuona, kupitia vumbi lao wenyewe, kama wale wawili kwenye gari jeupe walikuwa wakicheka.